Fundi wa pikipiki, katoni za oil na laki tisa: dili lilivyopatikana Morogoro

Alhamisi moja saa tatu usiku fundi akanipigia, sauti inamtetemeka, ananiambia dada wale wa kampuni ya oil wamejibu. Nikamuuliza wamesemaje, akanisomea: "Habari, ujumbe wako tumeupata kupitia afisa mauzo wetu, tunaomba bei zako." Basi, hakuna kingine. Na yeye jibu alishaliandika tayari, bado kulituma tu, alikua ameandika "Laki moja boss, inapungua." Nikamwambia fundi toa kidole hapo, usitume kitu, kesho asubuhi napita gereji.

Nataka nikieleze hiki kisa chote kwa sababu naona vijana wengi wana kontenti nzuri kabisa na dili hawapati, au wanapata afu wanalipwa kofia na tisheti, na ushauri wanaopewa kila kona ni ule ule, ongeza wafuasi, posti kila siku, jitume. Huyu fundi wakati anapata hilo dili alikua na wafuasi elfu saba na mia kidogo TikTok, Instagram hata elfu mbili hajafika. Ameniruhusu nieleze ila majina nisitaje, lake wala la kampuni. Mimi nina steshenari hapa Morogoro, naprinti, nachapa barua za watu, na video zake nilikua namuediti kwa simu nikishafunga duka.

Gereji yake ni kibanda cha bati karibu na Msamvu, wateja wake karibu wote ni bodaboda, Boxer na TVS kwa wingi. Video zake hazina muziki. Ile iliyomtoa kidogo ilikua hivi: anafungua nati ya chini ya injini, oil inashuka kwenye chupa ya maji iliyokatwa katikati, nyeusi tii kama lami, afu anachovya kidole, anaisugua kati ya kidole gumba na cha shahada mbele ya kamera, taratibu, anasema "sikia, hapa kuna mchanga mchanga, hiki ni chuma cha injini yako kinaisha." Afu anawasha pikipiki ile ile unasikia juu kule tapeti zinagonga tika tika tika. Sekunde 40, imeisha. Waendesha boda walikua wanaichukua wanaitupa kwenye magrupu yao ya WhatsApp ya vijiwe, Kihonda, Mafiga, Mji Mpya, mpaka Dumila huko, na kwenye magrupu hakuna namba inayokuhesabia. Kwahiyo ukiangalia akaunti tu unaona mtu mdogo, ila ukikaa gerejini kwake asubuhi moja unakuta mtu katoka Mikese anasema nimekuona kwenye simu ya jamaa yangu.

Sasa kabla ya hili dili kulikua na lingine, na inabidi nilieleze maana ndo lililotufundisha kwa uchungu. Kuna wauza spea fulani walimfata inboksi, wakampa seti ya cheni na spoketi pamoja na elfu hamsini, akawatengenezea video moja. Mwisho wa maongezi yule mtu akaandika "video tunaweza kuitumia kwenye kazi zetu?" Fundi akajibu, neno kwa neno, "Sawa boss tumieni tu hamna shida." Alikua na furaha, hela yake ya kwanza ya mtandaoni. Baada ya miezi kama saba mteja wake akasafiri Dodoma akamtumia picha: bango kubwa juu ya duka la spea, sura ya fundi, kashika cheni, pembeni maneno ambayo hajawahi kuyasema maishani, kwamba hiyo cheni haikatiki. Haikatiki! Fundi gani atasema cheni haikatiki. Na wale wateja wake ambao cheni zao zilikatika walikua wanamfata yeye, hawaendi dukani.

Nililifatilia hilo jambo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo, ya mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 1, 2023, na picha ya mtu ni taarifa yake. Kenya mwaka 2023 ofisi ya kamishna wa data iliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi za kule 1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja bila ridhaa yake. Lakini fundi wetu ridhaa alishaitoa, kwa mkono wake, kwenye WhatsApp, na hakusema wapi wala mpaka lini. Tulipowapigia wakatutumia skrinshoti ya "tumieni tu hamna shida" na tukaishia hapo. Aliumia sana, akakaa wiki mbili hajaposti chochote.

Tukirudi kwenye oil. Kwa miezi mingi alikua anaandikia kampuni kubwa kubwa inboksi, "habari naomba ubalozi", hakuna aliyejibu, na mimi nikamwambia tatizo ni wafuasi, tukalipia promosheni elfu thelathini. Nilikosea kabisa hapo na hela ilikua yake sio yangu, bado inaniuma. Wafuasi waliongezeka kama mia nane ila walikua watu ambao pikipiki hawana, wanalaiki tu na kupita, hakuna hata mmoja aliyekuja kuuliza kitu. Na zile inboksi za kampuni kubwa nimekuja kuelewa baadae, anayezijibu ni kijana wa huduma kwa wateja, kazi yake ni malalamiko, yeye hana bajeti ya matangazo na ombi lako hana hata pa kulipeleka.

Kilichobadilisha mambo ni kwamba siku moja tulikaa tukasoma komenti zake zote za miezi mitatu, moja moja, na daftari pembeni. Tukakuta swali moja linajirudia kuliko yote, "fundi oil gani nzuri kwa Boxer", "fundi hii oil ya bei ya chini inafaa?", "naijuaje oil feki?" Tulihesabu komenti 212 za oil peke yake, na inboksi kama sitini. Hapo ndo nikaona kumbe tulikua tunajiuza vibaya, tunasema nina wafuasi elfu saba, wakati kitu cha kusema ni kwamba nina watu zaidi ya mia mbili wanaoniuliza wanunue oil ipi, na kila mmoja wao anabadilisha oil mara mbili kwa mwezi au zaidi maana boda inashinda barabarani kutwa.

Afu tukageuza katoni. Ile oil aliyokua anaipenda mwenyewe, ya 20W-50, pembeni ya katoni pameandikwa muagizaji na msambazaji, kampuni ya Dar. Ila hatukuiandikia kampuni. Kila baada ya wiki mbili kuna kijana wao anapita Morogoro na kirikuu, anagawa mzigo kwenye maduka ya spea, anakusanya hela. Huyo kijana ana malengo ya mauzo ya mwezi, asipofikisha anapigiwa simu na bosi wake. Fundi akamsubiri dukani, akamwonyesha daftari lile la komenti, akamwambia braza hawa ni watu wa njia yako hii hii, wananiuliza mimi oil gani, nikiwajibu vizuri kwenye video wewe mzigo wako unatoka. Jamaa alipiga picha kurasa zile palepale. Hakuhitaji kushawishiwa, maana fundi alikua anaongelea tatizo lake. Yeye ndo aliyempelekea meneja wake, na meneja akipelekewa kitu na mtu wake wa mauzo anakisoma.

Tulimpa pia ujumbe mfupi wa kutuma kwa meneja, haukuzidi mistari kumi. Hatukuandika "mimi ni kijana mchapakazi mwenye ndoto", tuliandika yeye ni fundi wa pikipiki Morogoro, anahudumia boda kadhaa kila siku, hizi hapa komenti za watu wakiuliza oil, hii hapa video moja, na wazo lake ni video za kumfundisha mwendesha boda kuisoma oil yake. Skrinshoti tatu. Basi.

Sasa asubuhi ya Ijumaa nimefika gereji, yeye ana ile laki moja yake mkononi. Nikamwambia tupige hesabu kwanza. Kurekodi video moja kunamla siku nzima na nusu ya siku nyingine, kwa sababu lazima asubiri pikipiki inayofaa, arudie, na huku wateja wanasubiri wengine wanaondoka. Siku ya kawaida gereji inamwachia kama elfu arobaini, kwahiyo hapo elfu sitini imeondoka. Mimi kuediti elfu thelathini. Bando, mafuta, soda ya kijana anayeshika simu, elfu kumi. Jumla laki moja kamili. Yani ile bei aliyotaka kutuma, na "inapungua" juu, ilikua ni gharama tupu, angemfanyia bosi kazi bure na kumshukuru. Alinyamaza muda mrefu akaifuta ile meseji.

Tukajibu kwa maswali badala ya bei. Mnataka video ngapi, ziende kwenye akaunti yangu tu au na kwenu, mtazilipia kubusti ziwafikie watu wengi zaidi au hapana, mtazitumia kwa muda gani, kuna bango au kipeperushi, na je naruhusiwa kutangaza oil nyingine wakati huo. Yule meneja alijibu baada ya dakika kumi na tano kwa voisi note ndefu, na naamini kabisa ndo hapo alipoanza kumheshimu, maana alibadilika kutoka "tunaomba bei" akawa anamwita "fundi wangu". Walitaka video nne, miezi sita, kwenye kurasa zao pia. Tukawapa bei 1,200,000. Wakarudi na katoni kumi za oil na laki nne na nusu.

Hizo katoni zina utamu wake wa uongo. Katoni ya lita 12 ni hela, fundi anaweza kuiuza, lakini ukikubali kulipwa mzigo umeshakua mchuuzi wao, unauza oil yao ili ujilipe mwenyewe mshahara. Tukasema katoni mbili tunazichukua za kufanyia kazi kwenye video, malipo yawe hela. Na bei hatukuishusha, tulipunguza kazi: video tatu badala ya nne, miezi mitatu badala ya sita, 900,000. Ukiangalia ni ile ile laki tatu kwa video. Hili nalisisitiza kwa sababu wengi wakiambiwa bajeti hatuna wanakata bei kazi ikibaki vile vile, na siku nyingine kampuni ikija inaanzia pale ulipoangukia.

Malipo ndo palikua pagumu. Wao utaratibu wao ni siku sitini baada ya kazi. Tuliomba nusu mwanzoni, wakakataa, tukaelewana asilimia 40 mwanzoni na iliyobaki ndani ya siku 30 baada ya video ya mwisho. Wakaomba TIN, ile namba ya mlipakodi, na invoisi, nikaichapa mwenyewe. Ya kwanza ikaingia 342,000 badala ya 360,000, fundi akaja dukani amekasirika anasema wameanza kunipiga. Sio kwamba wamempiga, ni kodi ya zuio, tangu Julai 2024 anayemlipa mtengeneza kontenti wa mtandaoni hapa nchini anakata asilimia 5 anaipeleka TRA, na wewe unadai cheti chake maana kinahesabika kwenye kodi yako ya mwaka. Kenya nao wanakata 5 hiyo hiyo tangu 2023. Bora uijue kabla ya kutaja bei.

Kuna kitu nimekiruka. Kabla hajasaini alisema nipeni wiki tatu. Aliiweka ile oil kwenye pikipiki yake na za wateja wawili waliokubali, na kila akiimwaga anaisugua kidoleni, anaiweka kwenye chupa ndogo anaandika tarehe na kilomita kwa kalamu ya wino mzito. Chupa sita zilikua zimepangwa dirishani zinapigwa jua. Meneja aliona anacheleweshwa, ila zile chupa ndo zilikuja kua video ya kwanza, na ndo iliyofanya vizuri kuliko zote.

Maana wao walileta maneno yao, "oil namba moja Tanzania, linda injini yako milele." Fundi akakataa. Kwa upole, ila akakataa, akawaambia mkuu nikisema milele kesho mteja ananiletea injini iliyokufa. Akawasomea atakachosema: hii ni ya siku kumi na mbili, hii ya siku kumi na tisa, oneni rangi, ukifika hapa mwaga hata kama bado unaona inateleza. Na mwanzoni kabisa akasema "hii video nimelipwa na wenye oil, ila chupa ni zangu na pikipiki ni zangu." Mimi niliogopa hiyo sentensi. Niliomba aitoe, na mimi pia akanikatalia. Komenti ya juu kabisa ikawa ya mwendesha boda mmoja, "angalau umesema ukweli, inapatikana wapi?"

Video ya pili haikwenda. Walimwita Dar, wakamvalisha ovaroli jipya lenye nembo, laiti kubwa, ofisini kwao, maneno yao wakayaingiza kidogo kidogo, na ukimuangalia unaona mtu anayesoma. Watu hawakuitazama wala kuirusha kwenye magrupu. Sitaki kuiongelea sana. Ya tatu ilirudi gerejini, mikono michafu, jinsi ya kujua oil feki kwa kuangalia kizibo na ule mhuri wa ndani, na hiyo mpaka leo inazunguka.

Sasa kitu ambacho kwa maoni yangu ndo kilichomletea mkataba wa pili, na sijaona watu wengi wakikifanya. Kabla ya video ya kwanza fundi alienda kwenye maduka matatu ya spea, mawili Msamvu na moja Mafiga, akauliza mnatoa katoni ngapi za hii oil kwa wiki mbili. Jumla ilikua nne. Akawaomba mtu akija akasema "nimetumwa na fundi" waweke alama kwenye daftari la mauzo, na kwenye video akasema ukifika dukani sema umetumwa na fundi ili wasikupe feki. Wenye maduka walikubali kirahisi kwa sababu na wao wanapata wateja. Kwenye wiki mbili za mwisho za mkataba maduka yale matatu yalitoa katoni kumi na moja, na alama kwenye madaftari zilikua 74. Hatusemi zote ni za video, msimu nao ulikua wa mavuno na boda zilikua na kazi, na hilo tuliliandika kwenye ripoti yenyewe. Ripoti ilikua ukurasa mmoja, picha tatu za madaftari yenye mwandiko wa wauza duka, na mambo ya kulaikiwa tukayaweka chini kabisa kwa mstari mmoja. Yule kijana wa kirikuu aliichukua yeye akaipeleka kwa mkono, alikua amefikisha lengo.

Hela iliyobaki, 513,000 baada ya makato, tuliambiwa siku 30, ikaingia siku ya 47. Tulikumbushia kila Jumatatu kwa ujumbe ule ule wa heshima, "Habari za kazi mkuu, nakumbushia invoisi yetu", bila matusi na bila kumwandika kwenye status. Kuna siku fundi alitaka kuwaposti na nikamnyang'anya simu kwa kweli, kwa sababu mkataba ulikua unasema siku 30 na tulikua na haki, ila anayechelewesha alikua mhasibu, na anayekupa kazi tena ni meneja, ukimwaibisha meneja hadharani kwa kosa la mhasibu umejifungia mlango.

Kuna mtu ameniuliza kwanini asingekaa tu asubiri YouTube imlipe. Channeli anayo, lakini ili ugawane hela ya matangazo kule unatakiwa wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka, au video fupi zako zitazamwe mara milioni 10 ndani ya siku 90, na fundi wa video za sekunde 40 hizo anazipata lini. Na hata akifika, watazamaji wake wako Dumila na Mikese, wanatumia bando la jero, wanaangalia mara moja na kurushiana kwa WhatsApp. Thamani yao haiko kwenye saa za kutazama. Iko kwenye ile lita moja wanayonunua kila baada ya wiki mbili.

Mwezi uliopita meneja amepiga mwenyewe, wanataka miezi sita, na safari hii wanaulizia bango la Msamvu stendi, sura yake ikiwemo. Fundi akaniangalia, nikajua anakumbuka Dodoma. Hakukataa. Alisema bango lina bei yake peke yake, na maneno ya bango anayasoma yeye na kuyasaini kabla hayajachapwa, na siku mkataba ukiisha linashushwa ndani ya siku saba kwa gharama yao. Kipengele hicho tumekiandika sisi wenyewe usiku dukani kwangu, kina mistari minne, na ndo cha kwanza kwenye mkataba kabla hata ya bei.